Maji ya Uzima na Mikono Iliyoyachota

Swali ninalotaka kulitafakari hapa ni jepesi kulitamka lakini gumu kulijibu: je, ni halali kumhubiria habari za maji ya uzima mtu asiye na maji ya kunywa? Wapo watakaosema kwamba hilo si swali hata kidogo. Maji ya uzima, watasema, ni lugha ya mafumbo. Yanahusu roho, na roho haibebi ndoo. Wengine watasema kinyume chake: kwamba mtu mwenye kiu ya koo hana masikio, na kwamba anayemletea fumbo la maji badala ya maji yenyewe anamdhihaki. Nimeishi na majibu haya mawili kwa miaka mingi, nami naona kwamba yote mawili yana upungufu wa namna moja. Yote yanadhani kwamba fumbo na maji ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa, kimoja kikawekwa kanisani, kingine kikaachiwa idara ya maji.

Hebu tuanze na neno lenyewe. Katika Kiebrania cha Agano la Kale, maji yaliyo hai hayakuwa fumbo hapo mwanzo. Lilikuwa jina la kawaida la maji yanayobubujika au kutiririka, ya chemchemi na ya kijito, tofauti na maji yaliyotuama. Watumishi wa Isaka walipochimba katika bonde la Gerari wakapata kisima cha maji ya namna hiyo, wachungaji wa Gerari waliwagombania palepale (Mwanzo 26). Hapakuwa na fumbo lolote katika ugomvi ule. Palikuwa na mifugo yenye kiu. Hata Wakristo wa mwanzo, katika kitabu kidogo cha mafundisho kiitwacho Didake, waliagizwa wabatize katika maji yanayotiririka. Yakikosekana hayo, maji mengine. Yasipopatikana ya baridi, yawe ya moto. Na yakikosekana yote mawili, basi mtu amiminiwe kichwani mara tatu. Nalipenda agizo lile, kwa sababu liliandikwa na watu waliojua kwamba kuna mahali maji hayatoshi.

Nchi ya Biblia ndivyo ilivyo. Mvua hunyesha miezi ya baridi, kisha huja kiangazi kirefu kisicho na tone. Penye chemchemi palijengwa mji. Pasipo chemchemi watu walichonga mabirika ndani ya mwamba wa chokaa, wakayapiga lipu na kuyakinga maji ya mvua. Lipu ikipasuka, maji hunywea ardhini kimyakimya, na mwenye birika hana habari mpaka siku anayoteremsha ndoo na kuipandisha na tope. Ndiyo maana maneno ya nabii Yeremia katika sura ya pili yaliwachoma wasikilizaji wake. Aliwashtaki kwa mabaya mawili: kwanza wameiacha chemchemi, ambayo ni Mungu mwenyewe, pili wamejichimbia mabirika yenye nyufa. Tazama kwamba mkosaji wa Yeremia si mvivu. Kuchonga mwamba ni kazi ya kutoa jasho. Ubaya wake ni kwamba nguvu zake zote amezimaliza kwenye chombo kisichoweza kushika kitu.

Kiswahili nacho kimeongeza la kwake. Wafasiri wetu walipofika penye maji haya walichagua mara nyingi neno uzima, nalo ni neno pana. Mtu mzima ni yule aliyekomaa. Mzima wa afya ni yule asiye na maradhi. Chungu kizima ni kile kisicho na ufa. Tukikutana asubuhi tunaulizana kama tu wazima, wala hatuulizi tu kama tunapumua. Kwa hiyo Mswahili anaposikia maji ya uzima husikia mambo mawili kwa pamoja: maji yanayotia uhai, na maji yanayomfanya mtu asiwe na ufa. Birika la Yeremia halikuwa zima, na waliolichimba hawakuwa wazima. Hiyo ni tafsiri ambayo lugha yenyewe imetupa bure.

Sasa tuje kwa Yohana, maana hakuna mwandishi wa Agano Jipya aliyeyapenda maji kama yeye. Wahubiri wametufundisha vizuri kufuata maji katika Injili yake: arusi ya Kana, Nikodemo, kisima cha Yakobo, birika la Bethzatha, Siloamu, ubavu uliochomwa mkuki. Mimi nataka tufuate kitu kingine katika sura hizohizo. Tuwafuate wachotaji.

Kana palikuwa na mitungi sita ya mawe, kila mmoja ukichukua nzio mbili au tatu. Nzio moja ni kama lita 40 za vipimo vyetu. Basi kila mtungi ulichukua kati ya lita 80 na 120, na yote sita kati ya lita 480 na 720. Tukihesabu kwa ndoo zetu za lita 20, ni ndoo 24 hadi 36. Yesu aliagiza ijazwe, nao wakaijaza mpaka juu. Nani aliyeijaza? Watumishi. Injili haisemi kisima kilikuwa umbali gani, lakini mtu yeyote aliyewahi kujaza pipa moja la nyumbani anajua kwamba kazi ile haikumalizika kwa dakika tano. Kisha Yohana anaandika jambo ambalo tunalipita upesi kwa sababu tunaikimbilia divai: mkuu wa meza alionja asijue divai imetoka wapi, bali watumishi walioyachota yale maji walijua. Ishara ya kwanza ya Bwana ilifichwa kwa wenye viti vya mbele, ikafunuliwa kwa wenye mikono iliyolowa.

Kisima cha Yakobo kipo mpaka leo, pembeni mwa mji wa Nablus katika Ukingo wa Magharibi, ndani ya kanisa la Waorthodoksi wa Kigiriki. Kina chake ni zaidi ya mita 30. Mwanamke Msamaria alipomwambia Yesu kwamba hana chombo na kisima ni kirefu, hakuwa anabishana. Alikuwa anaeleza kazi yake ya kila siku. Yohana anakiita mahali pale kwa maneno mawili ya Kigiriki, mara chemchemi, mara kisima, maana ndivyo kilivyo: shimo lililochimbwa na watu, nalo hulishwa na maji ya chini ya ardhi. Mwanamke anapoahidiwa maji yasiyoleta kiu tena, ombi lake la kwanza ni kwamba apewe, ili asije tena pale kuchota. Wafafanuzi wengi humcheka kidogo hapo. Husema hakuelewa, alidhani ni maji ya kawaida. Mimi sioni kwamba Yesu alimcheka. Aliendelea kuzungumza naye, na mazungumzo yale ni miongoni mwa marefu kuliko yote aliyofanya na mtu mmoja katika Injili. Mwanamke aliyechoka na mtungi aliomba apumzishwe mtungi, na mwisho wa habari tunaambiwa kwamba aliuacha mtungi wake akaenda mjini. Sidhani kwamba Yohana alitaja mtungi ule kwa bahati.

Na tusisahau nani alianza kuomba. Mwenye maji ya uzima ndiye aliyekuwa na kiu, saa sita ya mchana, naye aliomba maji kwa mtu ambaye desturi ilimkataza kunywea chombo chake. Injili haisemi kama alipewa.

Sikukuu ya Vibanda nayo huangukia mwisho wa kiangazi, wakati mabirika ya Yerusalemu yamebaki na maji machache kabisa na watu wanatazama mawingu. Mapokeo ya Kiyahudi yanasimulia kwamba kila siku ya sikukuu kuhani alichota maji ya Siloamu kwa chombo cha dhahabu, yakapandishwa hekaluni na kumiminwa madhabahuni. Siku ya mwisho ya sikukuu hiyo ndipo Yesu aliposimama akawaita wenye kiu waje kwake. Hakulileta fumbo la maji siku ya masika. Alilileta siku ambayo kila mtu pale alikuwa akiomba mvua.

Maji ya Siloamu yenyewe yalitoka chemchemi ya Gihoni kwa njia ya handaki lenye urefu wa kama mita 533, lililochongwa ndani ya mwamba karne ya nane kabla ya Kristo, na Biblia hutaja kazi hiyo kuwa ya mfalme Hezekia. Mwaka 1880 lilionekana andiko lililochongwa ukutani mwa handaki hilo, ambalo siku hizi limehifadhiwa katika makumbusho ya Istanbul. Andiko hilo halimtaji mfalme. Linasimulia jinsi wachimbaji walivyoanza pande mbili, wakasikia sauti za wenzao kupitia mwamba, wakakutana sululu kwa sululu, na maji yakapita. Hapo tena, waliofanya kazi ndio walioandika walichokijua.

Pamoja na hayo yote, najua kwamba kuna pingamizi, nalo si la kupuuza. Alikuwapo mwalimu wa dini niliyemheshimu sana, sasa ni marehemu, ambaye aliniambia hivi: ukiyashusha maji ya uzima mpaka yawe maji ya bomba, utamfanya Kristo kuwa mkandarasi. Alinikumbusha wale walioshibishwa mikate wakamfuata Yesu ng'ambo ya ziwa, naye akawakemea kwa kutafuta chakula kiharibikacho. Alinikumbusha pia kwamba pale kisimani Yesu alisema wazi: anywaye maji haya ataona kiu tena. Kiu ya mwili haimaliziki, alisema mwalimu. Kijiji kikipata bomba leo, watu wake bado watafitiniana kesho, wataoneana wivu, watakufa. Yuko sahihi. Nimeona vijiji vyenye bomba, na fitina ilikuwa palepale bombani.

Lakini nadhani hoja yake inathibitisha nusu tu ya anachotaka. Kusema kwamba anywaye ataona kiu tena si kusema kwamba asinywe. Ni kusema kwamba wajibu wa kumpa maji hauishi siku moja. Aliyesema maneno yale ndiye pia aliyesema kwamba kikombe cha maji baridi hakitakosa thawabu, na kwamba siku ya hukumu watu watakumbushwa kiu waliyoiona wakaizima, au waliyoiona wakapita. Angaliona kwamba kiu ya koo ni jambo dogo, asingaliiweka kwenye orodha fupi namna ile.

Niruhusu, msomaji, nikupe kisa kimoja, maana swali hili halikunijia kutoka vitabuni.

Nimezaliwa na kukulia upande wa Dodoma, ambako mito yetu mingi ni ya mchanga. Miezi ya kiangazi wanawake huchimba shimo katika mchanga wa korongo, huketi kando yake na kata mkononi, wakisubiri maji yachuruzike. Ndoo moja yaweza kuchukua saa nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, usharika mmoja ambao mimi nilikuwa katibu wa baraza lake la wazee ulijenga tanki la kukinga maji ya mvua kutoka paa la kanisa. Lilichukua lita 50,000. Masika yale lilijaa. Ilipofika Septemba makorongo yakawa makavu kuliko tulivyozoea, na swali likaletwa mbele ya baraza: maji haya ni ya nani?

Hoja zilikuwa nzito pande zote. Ndani ya uwanja wa kanisa palikuwa na zahanati ndogo ambamo akina mama walijifungulia. Likitumiwa na zahanati na nyumba ya mchungaji peke yake, tanki lingefika masika bila shida. Kijiji kilikuwa na kaya kama 120, zikiwamo za Waislamu na za watu wasiosali popote. Mzee mmoja, mtu mwadilifu kabisa, alipiga hesabu mbele yetu: kila kaya ikichukua ndoo moja tu kwa siku, ni lita 2,400, na tanki halimalizi siku 21. Baada ya hapo hakuna maji ya kijiji wala maji ya mzazi aliyeko kitandani. Mwingine akauliza Jumapili tutahubiri nini, kama mlangoni mwa tanki kuna kufuli. Mwingine akasema waliochangia mabati ni Wakristo, basi na wafaidi Wakristo.

Bibi mmoja alikuwa amekuja na shauri lake jingine, akiketi mlangoni kungojea zamu. Aliomba ruhusa ya kusema. Akasema: “Wanangu, nasikia mnataja mabati na saruji. Saruji ilichanganywa na nini? Maji ya kuchanganyia tuliyaleta sisi kichwani kutoka korongoni, wiki tatu, na wenzangu wawili katika hao ni Waislamu. Hakuna aliyetuuliza dini siku ile.” Akanyamaza. Hakuomba afunguliwe tanki. Alitupa tu habari ambayo haikuwamo katika kumbukumbu za mikutano yetu, na ninajua haikuwamo kwa sababu kumbukumbu zile niliziandika mimi kutokana na yaliyosemwa, na jambo lile halikuwahi kusemwa na mtu.

Baraza liliamua hivi: nusu ya maji ibaki kwa zahanati, nusu nyingine igawiwe kila Jumamosi, ndoo moja kwa kila kaya, pasipo kuuliza dini. Lita 25,000 kwa lita 2,400 ni Jumamosi kumi. Zilitosha kumi kweli, ya kumi ikiwa na tope. Mvua ilichelewa zaidi ya hapo, na watu wakarudi mchangani kama siku zote. Hapakutokea muujiza. Tanki halikujaa lenyewe usiku, wala hakuna aliyeongoka kwa sababu ya ndoo. Kilichotokea ni kwamba Jumapili moja ya mwezi wa Novemba lilisomwa somo la kisima cha Yakobo, nami nikaona kwamba watu walisikiliza kwa namna nyingine.

Tangu siku zile nimejiuliza sana juu ya neno bure. Isaya 55 huwaita wasio na fedha waje wanunue bila fedha, na Biblia nzima inamalizika kwa mwaliko kama huo, kwamba mwenye kiu apewe maji ya uzima pasipo malipo. Sisi Watanzania tuna historia yetu na neno hilo. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, lengo likiwa kila kaya ipate maji safi ndani ya mita 400 ifikapo mwaka 1991; na mwanakijiji hakutakiwa kuyalipia. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufikiwa. Pampu nyingi zilisimama kwa kukosa mafuta na vipuri. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikawataka wanavijiji wachangie ujenzi na kubeba gharama za kuendesha miradi yao. Leo ndoo hulipiwa kioskini, na wengi wetu tumekubali kwamba ni haki, maana pampu haiendeshwi kwa maombi.

Je, basi mwaliko wa Isaya ulikuwa ndoto? Sidhani. Nabii hasemi kwamba maji hayana gharama. Anasema njoo ununue, maana yake bei ipo. Ila si wewe unayeilipa. Kitu cha bure ni kitu kilicholipiwa na mwingine. Yohana anaeleza kwamba kutoka ubavu wa Yesu ilitoka damu na maji, naye anatilia mkazo kwamba aliyeona ndiye anayeshuhudia. Kabla ya hapo, aliyewaita wenye kiu alikuwa amesema pale msalabani kwamba ana kiu, naye akapewa siki. Hivyo ndivyo bure ya Injili inavyopatikana. Kwa hiyo ninapoona maji ya bei ndogo, au ya bure kabisa, nimejifunza kuuliza ni nani amelipa. Mara nyingi jibu ni mgongo wa mwanamke, au kipindi cha kwanza cha masomo cha binti aliyechelewa shule.

Liko somo la Daudi katika 2 Samweli 23 ambalo linanisaidia hapa. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji wa kwao, uliokuwa umeshikwa na Wafilisti. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya jeshi, wakayachota, wakamletea. Naye akakataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa kuwa aliyaona kama damu ya watu waliohatarisha maisha yao. Wapo wanaoona kwamba alifuja. Mimi naona kwamba alikataa kuigeuza hatari ya wengine kuwa burudani yake. Lakini sisi tufanye nini na maji yaliyoko mezani kwetu? Hatuwezi kuyamwaga, maji yakimwagika hayazoleki, na binti huyohuyo ndiye atakayerudishwa kisimani. Liko jambo jingine tunaloweza kufanya, nalo pia limo katika Maandiko. Siku ya karamu ya mwisho, wanafunzi waliotumwa kuandaa chumba waliambiwa wamfuate mwanamume aliyebeba mtungi wa maji. Mjini ambamo kazi ile ilikuwa ya wanawake, ishara hiyo haikuweza kupotea. Na katika karamu hiyohiyo, kwa mujibu wa Yohana, Bwana mwenyewe alitia maji katika bakuli akawaosha wanafunzi wake miguu. Aliyeanza kwa kuomba kuchotewa alimaliza kwa kuwa mtumishi mwenye maji mkononi.

Jambo la mwisho linahusu walio chini ya mto. Wahubiri hupenda kuifanya Bahari ya Chumvi mfano wa mchoyo: hupokea Yordani lakini haitoi, ndiyo sababu imekufa. Mfano huo umepitwa na mambo. Katika miongo ya karibuni uso wa bahari ile umekuwa ukishuka karibu mita moja kila mwaka, na sasa uko zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari kuu. Sababu moja ni viwanda vinavyokausha maji yake ili kupata madini. Sababu kubwa ni kwamba nchi zilizo juu huyachukua maji ya Yordani na ya vijito vyake kabla hayajafika. Mto aliobatizwa Bwana umekuwa kijito chembamba na kichafu katika sehemu zake za chini. Siyo kwamba bahari haitoi. Ni kwamba haipewi. Nasi tunalo la kwetu: Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu mapema miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kwa sababu mashamba ya juu katika Usangu yanayanywa maji yake. Mkulima wa Usangu si mwovu, analisha watoto. Lakini kiboko aliyeko chini hana mwakilishi katika kikao cha mgao.

Ezekieli 47 inaeleza maji yanayotoka chini ya kizingiti cha hekalu. Nabii anapimiwa dhiraa elfu, maji yanafika vifundoni. Elfu nyingine, magotini. Elfu nyingine, kiunoni. Elfu nyingine, ni mto usiovukika. Kisha yanateremka mpaka bahari hiyohiyo ya chumvi, na bahari inapona, wavuvi wanatandaza nyavu. Maji yanatoka hekaluni, lakini hayabaki hekaluni, wala hayapungui kwa kuteremka. Naona hapo kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia juu ya imani yake. Chemchemi haipimwi na waliokaa kandokando yake wakiisifu. Hupimwa kwa kutazama huko chini, kwa watu isiowajua, kama kuna kilicho kizima.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Ndiyo, ni halali kumhubiria habari za maji ya uzima mtu asiye na maji ya kunywa, kwa sababu yeye ndiye atakayeelewa vizuri kuliko sisi linasema nini. Lakini si halali kumhubiria ukiwa umeketi. Anayetaka kulisema neno hilo na ashike kwanza ndoo, ajue uzito wake ukiwa kichwani, ajue korongo liko umbali gani na nani hulala huko usiku kungojea zamu. Asipofanya hivyo, atakuwa kama yule mkuu wa meza wa Kana: ataisifu divai kwa maneno mazuri sana, asijue ilikotoka.